Karakana yenye mashine moja: kazi ipi itangulie?

Msimamizi wa Keko ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni msimamizi wa karakana ya samani iliyopo Keko, Dar es Salaam. Tuna mafundi tisa, na kila oda inayoingia, iwe kitanda au mlango, lazima ipite kwanza kwenye mashine moja ya kupasua na kuranda mbao. Fundi wa kuunga tunaweza kumwazima kwa jirani, na msasa unaweza kupigwa na vijana wawili kwa wakati mmoja, lakini mashine ni hiyo moja, nayo ndiyo inayoamua mteja atabeba mzigo wake lini.

Tangu nianze kazi hapa tumefuata desturi ya aliyetangulia kufika: oda inaandikwa kwenye daftari, mteja anatoa kianzio, na mbao zake zinaingia mashineni zamu yake ikifika. Naipenda desturi hii kwa sababu hakuna anayeweza kutulaumu kwa upendeleo. Hata hivyo, mwezi uliopita ilituaibisha. Familia moja iliagiza kitanda cha bwana harusi, kazi ya siku 2 tu, nasi tukakipanga nyuma ya oda kubwa iliyotangulia. Ijumaa jioni walikuja na pikapu kuchukua kitanda, wakakuta mbao zao bado zimeegemezwa ukutani, jina lao likiwa limeandikwa juu yake kwa chaki. Sikuwa na la kuwaambia.

Sasa nina oda tano zinazosubiri, nami nazitaja kwa mpangilio zilivyoingia. Kabati la nguo linahitaji siku 4 za mashine na tumeahidi kulimaliza siku ya 20 kuanzia kesho. Madawati 28 ya shule ya msingi yanahitaji siku 7, nayo yameahidiwa siku ya 11, kabla shule haijafungua. Kitanda kinahitaji siku 2 na ahadi ni siku ya 9. Meza ya chakula na viti vyake inahitaji siku 5, ahadi siku ya 13. Mwisho ni milango, siku 3, ahadi siku ya 15. Jumla ni siku 21 za mashine.

Kijana wetu aliyesoma chuo anasema tuanze na kazi fupi. Mwenye karakana anasema tuanze na mteja anayepiga simu mara nyingi. Mimi nadhani tungefuata tarehe za ahadi. Naomba mwenye ujuzi anieleze ni kanuni ipi iliyo bora, na hasa ni kipimo gani nitumie kuzilinganisha, kwa kuwa kila mmoja wetu anaona ya kwake ndiyo sahihi.

Mhandisi wa viwanda amejibu:

Ndugu msimamizi, nashukuru kwamba umeleta takwimu zako. Maswali ya aina hii huletwa kwa maneno matupu, na hapo hakuna anayeweza kusaidia. Nimekaa na kalamu nikapanga oda zako kwa kila kanuni. Matokeo yenyewe yatakuonyesha kwa nini ninyi watatu hamkubaliani.

Tukifuata aliyetangulia kufika, kabati linakwisha siku ya 4, madawati siku ya 11, kitanda siku ya 13, meza siku ya 18 na milango siku ya 21. Ukijumlisha siku hizo na kugawanya kwa oda tano, utapata kwamba kwa wastani oda moja inakaa kwenu siku 13.4. Oda tatu zinachelewa, na iliyochelewa zaidi ni milango, siku 6.

Tukianza na kazi fupi kama anavyotaka kijana wenu, yaani kitanda, milango, kabati, meza, halafu madawati, wastani unashuka hadi siku 10.2. Hakuna mpangilio mwingine wa oda hizi tano utakaokupa wastani mdogo kuliko huo, na sababu yake ni nyepesi kuieleza hata kwa fundi ambaye hajawahi kupenda hesabu. Siku za kazi ya kwanza zinasubiriwa na wateja wote watano, siku za kazi ya pili zinasubiriwa na wanne, na kuendelea hivyo hadi kazi ya mwisho, ambayo siku zake zinambana mwenyewe tu. Kwa hiyo, siku chache ziwekwe pale zinapohesabiwa mara tano, na siku nyingi ziwekwe pale zinapohesabiwa mara moja. Jambo hili lilithibitishwa kwenye maandishi mwaka 1956 na W. E. Smith. Kuna faida nyingine utakayoiona kwa macho: idadi ya oda ambazo hazijakamilika zinazobanana karakanani inashuka kutoka wastani wa 3.2 hadi 2.4, na kwa sakafu ndogo kama zilivyo nyingi za hapo Keko, hilo si jambo dogo.

Lakini tazama madawati. Kwa mpangilio huo yanakwisha siku ya 21, yakiwa yamechelewa siku 10, na watoto watakuwa wameanza muhula wakikaa chini. Kanuni ya kazi fupi haiangalii ahadi hata kidogo. Inaangalia urefu wa kazi peke yake.

Tukifuata tarehe ya ahadi iliyo karibu, mpangilio ni kitanda, madawati, meza, milango, kabati. Hapa kitanda na madawati vinawahi, meza inachelewa siku 1, milango siku 2 na kabati siku 1. Oda zinazochelewa ni tatu, idadi ile ile ya desturi yenu ya sasa, lakini hakuna mteja anayesubiri zaidi ya siku 2 baada ya ahadi. J. R. Jackson alionyesha mwaka 1955 kwamba kwenye mashine moja, iwapo kazi zote zipo tayari, kanuni hii ndiyo inayopunguza kabisa ule ucheleweshaji mkubwa kuliko wote. Gharama yake ni kwamba wastani wa kukaa unapanda hadi siku 12.6.

Ipo njia ya nne, ambayo J. M. Moore aliichapisha mwaka 1968, kwa yule ambaye shida yake ni idadi ya wateja wanaochelewa wala si urefu wa kuchelewa. Unaanza kupanga kwa tarehe za ahadi. Ukifika kwenye oda ya kwanza inayochelewa, unatazama zote ulizokwisha kuzipanga pamoja na hiyo, unaiondoa iliyo ndefu kuliko zote na kuipeleka mwisho kabisa, kisha unaendelea. Kwenu oda ya kwanza kuchelewa ni meza, na iliyo ndefu kati ya kitanda, madawati na meza ni madawati. Ukiyapeleka mwisho, oda nne zote zinawahi, na inayochelewa ni moja tu. Tatizo ni kwamba hiyo moja ni ya shule, nayo inachelewa siku 10.

Basi, kila mmoja wenu ana hoja kwa kipimo chake. Kijana anapima wastani wa kusubiri, wewe unapima ahadi iliyovunjwa vibaya zaidi, na mwenye karakana, naomba asiudhike, anapima kelele. Kabla hujaniuliza kanuni iliyo bora, amua kwanza ni hasara gani usiyoweza kuivumilia.

Nitaje pia uwiano wa muda uliobaki kwa kazi iliyobaki, kwa sababu utakutana nao kwenye programu nyingi za kupangia uzalishaji. Unachukua siku zilizobaki hadi ahadi, unazigawanya kwa siku za kazi, na mwenye uwiano mdogo anatangulia. Leo madawati yana 11 kwa 7, yaani takriban 1.6, ambao ndio mdogo kuliko wote, kwa hiyo yanaanza. Sasa, ukiandika uwiano wa oda zote leo na kuufuata hadi mwisho bila kuugusa, baada ya madawati utafanya meza, na kitanda kitakwisha siku ya 14, kikiwa kimechelewa siku 5. Ukipiga hesabu upya siku ya 7, utaona kwamba uwiano wa kitanda umeshuka kutoka 4.5 hadi 1 kamili, kwa hiyo kitatangulia na kuwahi siku yake ya 9. Nimewahi kuona ofisi ikichapisha jedwali la uwiano Jumatatu na kulibandika ukutani kwa wiki mbili, kisha ikailaumu kanuni.

Mama Milango amejibu:

Mhandisi ameeleza vizuri sana, nami sina la kupinga kwenye hesabu zake. Nina karakana ya milango na madirisha ya mbao Arusha, na ningependa kuongeza mambo ambayo hayamo kwenye oda tano zilizokaa kimya zikisubiri, kwa sababu karakana yenye uhai haikai na oda tano. Kesho asubuhi ataingia mtu anataka stuli mbili, keshokutwa mwingine anataka fremu ya kioo, na wote wawili wana kazi fupi.

Niliwahi kufuata kanuni ya kazi fupi kwa miezi kadhaa, nikaipenda kwa sababu fedha ilizunguka upesi na wateja wadogo walinisifu. Kabati la jiko la mteja mmoja lilikuwa kazi ya siku 8. Kila nilipotaka kulianza, iliingia kazi ya siku 1, kanuni ikaniambia itangulie hiyo, nami nikatii. Kabati lile lilisukumwa mara sita. Mwenyewe hakuwa mtu wa kupiga simu. Alikuja siku moja, akaziona mbao zake zikiwa na vumbi la msasa la kazi za watu wengine, akaomba kianzio chake kwa upole na kuondoka. Tangu siku ile nimeweka sharti: oda yoyote ikishapitwa mara mbili, ya tatu haipitwi, hata kama nyuma yake ipo kazi ya nusu saa.

La pili, usiihesabu oda ambayo mbao zake hazijakauka au hazijafika. Naona mafundi wengi wanapanga foleni kwa karatasi za oda wakati mninga wenyewe bado upo kwa muuzaji. Oda ambayo haiwezi kuanza haina nafasi kwenye foleni, na ukiiweka mbele, mashine itakaa bure huku wengine wakisubiri.

La tatu ni rangi. Kwangu sisi tunapulizia kwa bunduki ya kompresa, na kila ukibadilisha kutoka rangi nzito kwenda nyepesi lazima uisafishe kwa thina hadi matone yatoke meupe, la sivyo mlango mweupe utatoka na madoa ya kahawia. Kutoka nyepesi kwenda nzito, usafi wa kawaida unatosha. Kwa hiyo, tarehe za ahadi zikikaribiana, nazipanga kazi kwa rangi, nikianza na nyeupe na kumalizia na nyeusi, na siku za namna hiyo naokoa muda ambao hakuna kanuni yoyote kati ya zilizotajwa ingenipa. Kanuni zote hizo zinachukulia kwamba maandalizi kati ya kazi moja na nyingine hayabadiliki, na kwetu yanabadilika sana.

Kuhusu mteja anayepiga simu mara nyingi, mwambie mwenye karakana kwa heshima kwamba wateja hujifunza. Ukimtanguliza anayepiga simu, baada ya mwezi watapiga wote.

Mhasibu amejibu:

Naomba niongeze jambo fupi upande wa fedha. Kuna kanuni inayochanganya urefu wa kazi na uzito wake: gawanya uzito kwa siku za kazi, anayepata nyingi kwa siku atangulie. Kwangu mimi uzito ni salio ambalo mteja atalipa akichukua mzigo. Tuseme salio la madawati ni shilingi 2,100,000 na la kitanda ni 400,000. Madawati yanakuletea shilingi 300,000 kwa kila siku ya mashine, na kitanda 200,000. Kwa hiyo, ingawa kitanda ni kifupi, madawati ndiyo yanayotangulia. Hapo utaona kwamba kazi ndefu haistahili kurudi nyuma kila mara kwa sababu ya urefu wake.

Mwalimu wa ufundi amejibu:

Nimesoma mjadala kwa furaha kubwa. Naona wote mmeitazama mashine peke yake, lakini msimamizi hakutueleza nani anapaka vanishi. Ikiwa mpakaji naye ni mmoja, mna vituo viwili vinavyofuatana, na kuna kanuni iliyotungwa kwa hali hiyo hasa. S. M. Johnson, aliyekuwa taasisi ya RAND kule Marekani, aliichapisha mwaka 1954, nami huwafundisha wanafunzi wangu kwa vipande vya mbao vilivyoandikwa namba, kwa sababu mikono huielewa kabla ya kichwa.

Andika kwa kila oda siku za mashine na siku za kupaka. Nitakisia za kupaka: kabati 5, madawati 1 kwa kuwa yanapakwa mara moja tu, kitanda 3, meza na viti 4, milango 2. Tafuta namba iliyo ndogo kuliko zote kwenye orodha nzima. Ikiwa ni ya mashine, oda hiyo iwekwe mbele kadiri inavyowezekana. Ikiwa ni ya kupaka, iwekwe nyuma kadiri inavyowezekana. Ifute, kisha rudia. Namba ndogo kuliko zote ni 1 ya kupaka madawati, kwa hiyo madawati yanakaa mwisho. Inafuata 2, ambayo ipo mara mbili: kitanda kwenye mashine, kikae mwanzo, na milango kwenye kupaka, ikae kabla ya madawati. Kabati linafuata mbele, na meza inaingia katikati. Mpangilio ni kitanda, kabati, meza, milango, madawati, na kazi yote inakwisha siku ya 22. Kwa mpangilio wa aliyetangulia kufika ingekwisha siku ya 24, na kwa tarehe za ahadi siku ya 26, kwa sababu kabati lingetoka mashineni mwisho kabisa na kumwacha mpakaji na siku 5 za kazi huku mashine imezimwa.

Maana yake ni kwamba mpakaji apewe kazi mapema ili asikae bure mwanzoni, na asibakiziwe kazi nyingi mwishoni. Angalizo ni mawili. Siku za vanishi kukauka zisihesabiwe kama kazi ya mpakaji, kwani wakati huo anaweza kushika kazi nyingine. Zinachukua nafasi ya sakafu tu. Na kanuni hii inatafuta kumaliza yote mapema, haina habari na ahadi ya mtu mmoja mmoja: shule itapata madawati siku ya 22.

Wala usitamani kanuni ya namna hii kwa vituo vitatu, vinne au kumi ambavyo kila oda inavipitia kwa njia yake. Kuna swali maarufu la kazi 10 kwenye mashine 10, lililochapishwa mwaka 1963, ambalo jibu lake bora lilithibitishwa mwaka 1989. Ikiwa wataalamu wenye kompyuta walihitaji miaka 26, basi fundi anayepanga ubaoni kwa kanuni rahisi na kuirekebisha kila asubuhi hana sababu ya kuona haya.

Msimamizi wa Keko amerudi:

Nawashukuru sana wote, na hasa Mama Milango, kwa sababu kabati lake la jiko limenikumbusha oda mbili tulizozitesa vivyo hivyo.

Jana jioni niliandika oda zote ubaoni na kumwita mwenye karakana. Nilipomwonyesha kwamba kwa kufuata tarehe za ahadi hakuna mteja atakayechelewa zaidi ya siku 2, na kwamba kwa kufuata kazi fupi shule ingechelewa siku 10, alinyamaza kidogo, kisha akasema hasara asiyoweza kuivumilia ni ile ya kuitwa mwongo na shule. Kwa hiyo kipimo chetu kimepatikana.

Baada ya hapo nilimpigia simu mwalimu mkuu, nikamuuliza kama anahitaji madawati yote 28 siku ya kufungua. Akaniambia kwamba darasa lisilo na madawati kabisa ni moja, nalo linahitaji 16. Yaliyobaki 12 ni ya kubadilishia yaliyovunjika, na akiyapata ifikapo siku ya 18 ameridhika. Sisi tunatoa madawati 4 kwa siku. Nikaigawa oda ile kuwa mbili, moja ya siku 4 na nyingine ya siku 3, nikapanga upya kwa tarehe za ahadi: kitanda kinakwisha siku ya 2, madawati ya kwanza siku ya 6, meza siku ya 11, milango siku ya 14, madawati ya pili siku ya 17 na kabati siku ya 21. Inayochelewa ni kabati peke yake, siku 1. Ni kweli kwamba wastani wa kukaa umekuwa mkubwa kuliko ule wa kazi fupi, na kijana wetu hakukosa kuniambia hivyo. Mwenye kabati nimemweleza mapema, naye amesema nyumba yake bado inapigwa plasta, hana haraka.

Mpakaji wetu ni mmoja, kama mwalimu alivyohisi. Siku zake za kazi sijawahi kuziandika popote, kwa hiyo kuanzia leo anaandika kwa chaki nyuma ya kila kazi saa aliyoianza na saa aliyoimaliza. Nikipata namba za mwezi mmoja nitarudi hapa kuuliza habari ya vituo viwili. Kitanda kimeingia mashineni saa mbili asubuhi.